Waliomnyamazisha Vénérande

Arcade alikuwa na miaka mitano dada yake alipomfunga mgongoni kwa kitenge cha mama yao na kutoka naye Burundi. Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili. Baba na mama walikuwa wameuawa wiki moja kabla, nyumba imechomwa, na Vénérande, msichana wa miaka kumi na saba, hakuwa na kitu kingine cha kubeba isipokuwa huyo mdogo wake. Walitembea siku tisa. Siku ya sita, upande huu wa mpaka, kundi lao la watu ishirini na kitu lilifika kwenye mto uliokauka, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na wazee wawili wakajilaza pale wakisema safari yao imeishia hapo. Vénérande akapiga magoti. Akaweka mdomo karibu na mchanga, akausemesha kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua. Mchanga ukalowa, ukawa tope, halafu maji yakapanda, yakajaa kiganja, yakajaa sufuria. Watu wakanywa, wakalia, wakanywa tena.

Arcade hakuikumbuka sura ya mama yake, lakini maji yale aliyakumbuka. Yalikuwa na ladha ya chuma.

Watu wa aina ya Vénérande waliitwa wanenaji. Nchi yote ya Mpanda ilikuwa nao, kama ilivyokuwa na wahunzi na waashi. Huyu akisema na nyuki, nyuki wanahamia mzinga anaoutaka. Yule akisema na moto, moto unasimama mpakani mwa shamba. Mwingine anasema na mfupa uliovunjika. Kitu kilisikia, kikatii. Kwa nini kilitii hakuna aliyejua, na wengi hawakuuliza. Vénérande alisema na maji. Mwaka wa themanini na nane, Arcade alipotoka kwenye makazi ya wakimbizi, akaoa na kupata shamba la mpunga Mwamkulu, dada yake alimfuata. Akajenga kijumba chake karibu na kwa mdogo wake, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwaitia watu kisima. Pale pale walipokuwa wamechimba mara tatu wakapata vumbi, yeye aliinama, akasema maneno machache, wakachimba kimo cha mtu mmoja wakakuta maji. Tangu hapo, kila kiangazi alikwenda asubuhi moja kukisemesha kisima, nacho kikavuka hadi mvua. Hakumtoza mtu kitu. Hakuolewa pia. Labda wanaume walimwogopa, au labda hakuwahi kupata nafasi, kwa kuwa ujana wake wote uliishia kumlea Arcade.

Pamoja na hayo, au kwa sababu ya hayo hayo, Arcade alikuwa na kitu kilichomkwama kooni. Shuleni waliomtania walimwita mtoto wa Mama Maji. Alipokwenda kuposa, wazazi wa Aurélie walimuuliza kwanza habari za dada yake. Mpunga wake ulipostawi kuliko wa wenzake, watu walipita shambani kwake moja kwa moja wakaenda kumshukuru Vénérande. Alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na nane, mwenye mke na watoto watatu, na bado alijiona yuko mgongoni.

Vita vilianza mwaka wa tisini na tano, na vilianza kwa jambo la haki. Huko Magamba, mnenaji mmoja aliyeitwa Maximilian aligombana na shemeji yake kuhusu mpaka wa shamba. Akausemesha mguu wa shemeji, ukakauka kama ukuni. Walikwenda polisi, polisi wakasema hakuna sheria ya kumshitaki mtu kwa maneno aliyouambia mguu. Mwaka huo huo, mjini Majengo, mke wa fundi cherehani aliyeitwa Melkiadi alisemeshwa moyo na mnenaji mpita njia. Aliacha ugali ukiungulia jikoni, akamfuata yule mtu. Aliporudi baada ya miezi miwili, alikuwa amesahau jina la mtoto wake mwenyewe.

Melkiadi alikuwa mtu mpole, mwenye kusali, mwenye mkono mzuri wa kushona mashati ya sare za shule. Baada ya hapo alifunga cherehani. Akaanza kuhubiri, kwanza barazani kwake, halafu sokoni, halafu kijiji kwa kijiji. Mahubiri yake yalikuwa mafupi na yaliingia. Mungu aliumba kwa neno, alisema. Kuviamuru vitu ni kazi ya Mungu peke yake. Binadamu akikiamuru kitu nacho kikatii, hata kama ni kwa wema, amekaa kwenye kiti kisicho chake, na aliyekalia kiti kisicho chake ipo siku atakitumia vibaya. Wafuasi wake walijiita Jeshi la Neno. Walivaa kitambaa cheupe mkononi, na kazi yao waliiita vita vitakatifu. Vita hivyo vingekwisha siku ambayo hakuna kinywa cha mwanadamu kingeamuru chochote, kutoka Mpanda hadi kule dunia inakoishia.

Walikuwa na njia yao. Mnenaji alisimamishwa mbele ya watu akaambiwa ajifunge: auamuru ulimi wake mwenyewe usisikiwe tena na kitu chochote. Amri hiyo hakuna mwingine aliyeweza kuitoa, na ikishatolewa hairudi. Waliojifunga walipigiwa vigelegele na kukumbatiwa. Waliokataa walichomewa nyumba. Maximilian alikataa, wakamfungia ndani kabla ya kuwasha.

Arcade aliingia Jeshini mwaka uliofuata. Alikuwa na mwandiko mzuri, wakampa daftari la majina. Ikawa akifika kijijini watu wanamwamkia yeye, wanampa yeye kiti, wanamwita Katibu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna aliyemuuliza habari za dada yake.

Hadi Julai ya mwaka wa tisini na saba, Jeshi lilipofika Mwamkulu.

Melkiadi alimwita pembeni, nyuma ya kanisa la udongo. Alikuwa amekonda sana, na sauti ilikuwa imekwisha kwa kuhubiri.

"Katibu, nimesoma daftari la hapa. Kuna majina saba. Mimi nahesabu wanane."

Arcade alitazama upande wa kijumba cha dada yake.

"Sikulaumu," alisema Melkiadi. "Ni damu yako. Lakini nitawaambiaje wale saba? Niwaambie kiti cha Mungu kinakaliwa, ila na dada wa Katibu tu?"

"Mwalimu, yeye hajamdhuru mtu yeyote. Ni maji tu."

"Najua. Nimeyanywa hayo maji leo asubuhi." Alimshika bega. "Ndiyo maana lazima yeye awe wa kwanza. Wakimwona mwema amenyamaza, wabaya watakosa pa kujificha."

Arcade alikwenda kwa dada yake jioni hiyo kabla jua halijazama. Alimkuta anapepeta mchele. Vénérande alimwangalia kitambaa cha mkononi, akaendelea kupepeta.

"Dada, wamefika."

"Nimewasikia wakiimba."

"Kesho watasoma majina. Na jina lako…"

"Nani ameliandika?"

"Mimi. Leo."

Ungo ulisimama. Vénérande aliuweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye kitenge. Alimwita kwa Kirundi, *musazanje*, kaka yangu wa tumbo moja, kama alivyomwita tangu utotoni.

"Musazanje, nikikataa watafanya nini?"

"Wataichoma nyumba. Na mimi sitakuwa na neno la kuwazuia, kwa sababu mimi ndiye katibu wao. Watoto wangu wataitwa wa ukoo wa wakaidi."

"Na nikikubali?"

"Basi. Imekwisha. Tutaishi kama watu wengine."

"Kisima je?"

"Mungu atakiangalia. Si ndiyo imani yenyewe?"

Arcade alitamani dada yake amtukane, amrushie ungo, amkumbushe mto wa mchanga. Hakufanya hata moja.

"Unaliamini hilo kweli?" aliuliza. "Usinijibu kama katibu."

"Naamini," alisema Arcade, na wakati ule alikuwa anaamini. Siku zote baadaye alijitetea nafsini mwake kwa neno hilo.

"Haya," alisema Vénérande. "Kama ni kwa ajili yako, haya."

Kesho yake alisimama mbele ya kanisa, wa kwanza kwenye mstari, amevaa gauni lake la Jumapili. Arcade alisoma jina lake bila kutetemeka. Vénérande aliweka vidole viwili mdomoni, akausemesha ulimi wake kwa sauti ile ile ya chini. Waliokuwa karibu walisema midomo yake iligeuka kijivu, ikarudi rangi yake. Halafu akakohoa, akaonja mate, akatazama upande wa kisimani kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa. Vigelegele vikapigwa. Aurélie, mke wa Arcade, hakupiga. Alimshika wifi yake mkono akamwongoza nyumbani.

Wale wengine saba walifuata mmoja mmoja. Silvester, mnenaji wa nyuki, alijifunga kwa kelele nyingi na machozi, hata watu wakalia naye.

Mvua za msimu ule zilikuwa zimeshindwa, na kiangazi kilikuja kikali kuliko vilivyotangulia. Agosti kisima kilishuka. Septemba wanawake walikuwa wanateremsha ndoo na kuvuta tope, na siku moja ndoo ikagonga kokoto kavu. Wakaanza kwenda mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na mtoni kwenyewe ni madimbwi waliyoshindania na ng'ombe. Watoto wakaanza kuharisha. Wawili wakafa wiki moja, mmoja wao wa nyumba inayopakana na Arcade.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Hawakusema kwamba kisima kimekauka kwa sababu waliyemnyamazisha ndiye aliyekuwa anakiamsha. Hilo lilikuwa wazi mno, na liliwarudia wao wenyewe. Walisema Vénérande amekifunga kwa hasira. Walisema hakujifunga siku ile, alichezesha midomo tu, na neno la mwisho alilolisema lilikuwa la kukiapiza kisima.

Melkiadi alikuja mwenyewe, alasiri moja, bila wimbo na bila wafuasi, akiwa na dumu tupu. Arcade alikuwa pale, akimkarabatia dada yake paa la nyasi. Alishuka.

Mwalimu alikaa kwenye kigoda. Alihangaika na kifuniko cha dumu.

"Mama," alimwambia Vénérande, "nimezika watoto wawili wiki hii. Nimeomba. Nimefunga siku nne. Nimefikiri, labda kuna mambo Mungu anayaruhusu kwa wakati wake. Mara moja tu. Watu hawatajua. Utakisemesha kisima, halafu utajifunga upya."

Arcade alimtazama kiongozi wake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Vénérande hakuonekana kushangaa.

"Mwalimu, si uliniambia nijifunge?"

"Ndiyo."

"Nilijifunga."

"Wote walijifunga, Mama. Lakini binadamu hakosi kuacha mlango wazi kidogo. Silvester bado nyuki wanamsikia, najua, nimenyamaza tu. Sikulaumu ukiwa umeacha…"

"Mimi sikuacha." Sauti yake ilikuwa kavu. "Wale wengine walikudanganya, wewe ukawapigia vigelegele. Mimi peke yangu nilikuamini. Nilikuwa nikipita karibu na maji, nayasikia yakinijua. Hata ya kwenye mtungi. Sasa ni maji tu. Nimekwenda kisimani usiku na mchana tangu Agosti, nimelala kifudifudi nikakiita mpaka sauti ikakatika. Hakuna kitu pale kinachonisikia. Mmekimaliza. Mmenimaliza na mimi."

Melkiadi alifunika uso kwa mikono, na Arcade alidhani atalia. Lakini aliposimama, uso wake ulikuwa umejikaza. Huenda hakuweza kubeba alichoambiwa, akachagua kutokukiamini.

"Mwanamke huyu ana moyo mgumu," alimwambia Arcade, si Vénérande, akachukua dumu lake akaondoka.

Siku ya tatu walikuja. Hawakuwa Jeshi peke yake. Walikuwa pia wanawake waliotoka mtoni, ndoo zikiwa bado kichwani, na baba wa mtoto aliyekufa. Mawe mawili yalipiga paa. Melkiadi alisimama nyuma, mikono nyuma, hakuagiza wala kukataza.

"Katibu," mtu mmoja aliita, "toka na msimamo wako! Uko wapi, kwa Mungu au kwa mchawi?"

Arcade aliingia ndani. Vénérande alikuwa amekwisha kufunga nguo zake ndani ya sanduku dogo la bati.

"Nenda mjini kwa muda tu," alimwambia kwa haraka, bila kumwangalia machoni. "Mambo yakitulia nitakuja kukuchukua. Mimi nitakusindikiza, hawatakugusa nikiwa nimeshika sanduku lako. Ni kwa usalama wako, dada."

Alibeba sanduku. Walipita katikati ya watu, na kweli hakuna aliyemgusa. Mwanamke mmoja alimtemea mate tu, yakaangukia mkono wa Arcade, karibu na kitambaa cheupe. Walitembea hadi barabara kuu ya vumbi. Hapo Arcade alisimama, kwa sababu Jeshi lilikuwa linamtazama kwa mbali na alijua akivuka barabara hatarudi kuwa Katibu.

Vénérande alipokea sanduku akaliweka kichwani.

"Nilikubeba siku tisa," alisema. "Wewe umenibeba mpaka barabarani."

Akashika njia ya mjini. Kijumba chake kilichomwa mchana ule ule. Arcade alisimama na wenzake akaangalia, na mtu alipoanzisha wimbo, naye aliimba. Aliimba kwa sauti, mbele ya mke wake.

Halafu mvua ikaja. Na haikuwa mvua ya kawaida. Ni ile waliyoiita Elninyo, iliyoanza mwishoni mwa mwaka na kumwagika kana kwamba mbingu imepasuka mshono. Mito ilikata barabara, reli ya kwenda Kaliua ikaliwa na maji, mpunga wa Mwamkulu ukazama, na kisima kikajaa hadi kikafurika uani kwa watu. Redio ilieleza kwamba bahari ya mbali imepata joto na mvua imenyesha nchi nyingi. Mwamkulu hawakuhitaji maelezo ya redio. Mnenaji wa mwisho ameondoka, mbingu zimefunguka. Waliimba kwenye matope wakiwa wameloa chepechepe. Melkiadi, aliyekuwa amekaribia kukata tamaa, alirudi kuwa Melkiadi. Mashaka yote yaliyokuwa yamempata kwenye kile kigoda yalisombwa na mvua hiyo, na vijiji vilivyokuwa vinasitasita vikaomba wenyewe kuletewa Jeshi.

Disemba Melkiadi alimtuma Arcade mjini.

"Kamlete dada yako. Asimame Krismasi mbele ya watu aseme kwamba alikuwa amefunga kisima, ametubu, na Mungu ameleta mvua. Watu watamsamehe. Nitamjengea nyumba kwa mikono yangu. Nitamshonea gauni."

Aliyasema kwa upendo, na Arcade aliyapokea kwa furaha. Njia nzima ya matope alijipangia jinsi dada yake atakavyorudi.

Alimkuta Majengo, uani kwa Mwanahija, mjane muuza vitumbua aliyempangisha chumba bila kumuuliza ametoka wapi. Vénérande alikuwa anasafisha karai. Alikuwa na mvi asizokuwa nazo miezi mitatu nyuma. Mwanahija alimtazama mgeni, akatazama kitambaa cheupe mkononi mwake, akaingia ndani bila kukaribisha.

Dada hakumwita musazanje. Alimwambia kwa Kiswahili, kama anavyoambiwa yeyote anayebisha hodi:

"Karibu. Kuna kigoda hapo."

Arcade alikaa. Alieleza ujumbe wote, nyumba na gauni. Alieleza na mvua, ingawa mvua ilikuwa inawanyeshea wote wawili chini ya kipande kimoja cha bati.

"Kwa hiyo niseme mimi ndiye niliyewaua wale watoto," alisema Vénérande.

"Si hivyo. Useme tu kwamba…"

"Kwamba nilifunga kisima. Watoto walikufa kwa kukosa kisima. Ni hivyo hivyo, Arcade, hata ukikata kona." Alisugua karai. "Na Silvester naye atasimama?"

"Silvester alijifunga."

"Asali yake iko pale barazani, Mwanahija anaiuza. Inaletwa kila wiki, hata kiangazi ambacho hakuna ua hata moja. Anasema Mwalimu wako naye huchukua chupa mbili kila akija mjini." Hakuinua sauti. "Hilo mimi halinichomi. Atakula asali, wakati wake utafika. Mimi nataka kukuuliza wewe jambo moja. Siku ile ulipoandika jina langu, kalamu ilikuwa mkononi mwako. Kulikuwa na mtu amekushikia panga?"

Arcade alifungua mdomo. Alikuwa na majibu mengi, ameyatunga usiku mwingi: imani, watoto, mguu wa yule shemeji wa Magamba, mke wa Mwalimu. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililotoka.

"Hapana," alisema.

"Basi nenda kawaambie nimekufa. Waniombee huko. Krismasi yenu itakuwa nzuri."

"Dada, usiseme hivyo."

"Unayemwita hivyo ndiye aliyekufa. Mimi nina vitumbua vya kesho vya kuandaa, na foleni ya maji bombani ni ndefu."

Alichukua ndoo mbili akatoka uani, mvua ikimpiga. Arcade alibaki kwenye kigoda mpaka Mwanahija alipotoka na ufagio, akaanza kufagia karibu na miguu yake.

Kufika Mwamkulu ilimchukua siku nzima, kwa maana daraja lilikuwa limeondoka na ilibidi azunguke. Alipofika, watu walikuwa wamekusanyika kanisani. Melkiadi alimsogelea kwa mikono iliyofunguliwa, akitazama nyuma yake kama kuna mtu anafuata.

"Yuko wapi?"

Arcade angeweza kusema amekataa. Alijua itakavyokuwa: wangekwenda Majengo, wangempata, na safari hii paa lingekuwa la Mwanahija. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba hakuweza kusimama mbele ya watu hawa na kurudia alichoulizwa kule uani. Hakuweza kuzitenganisha sababu hizo mbili, siku ile wala baadaye.

"Amefariki," alisema. "Wiki mbili zilizopita. Homa."

Halafu mwanamke mmoja, yule yule aliyetema mate, akaangua kilio. Wengine wakamfuata. Melkiadi alimkumbatia, na Arcade alipohisi mifupa ya yule mtu aliyekonda ikimbana, akalia kwelikweli, akalia mpaka akashindwa kusimama, wakamkalisha.

"Alitubu?" Melkiadi alimnong'oneza. "Mwisho alitubu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mungu asifiwe."

Matanga yakakaa uani kwa Arcade siku tatu. Watu walileta mchele, kuni, kuku. Walimzungumzia Vénérande vizuri, jinsi alivyokuwa mkarimu, jinsi alivyoitikia wito kabla ya wote. Silvester alileta asali ya chai. Melkiadi alihubiri juu ya marehemu akasema huyu ndiye shahidi wa kwanza wa vita vyetu, na jina lake likatolewa kwa kikosi cha wanawake cha Jeshi. Arcade alikaa kwenye mkeka, ndevu hazijanyolewa, akipokea pole kwa mikono miwili. Siku ya pili alitangazwa kuwa msaidizi wa Mwalimu kwa wilaya nzima.

Asubuhi ya siku ya tatu, wageni wakiwa hawajaamka, Aurélie alitoka jikoni akamkuta ameketi peke yake mkekani. Alisimama mbele yake akifuta mikono kwa upindo wa kitenge. Alikuwa amelia pamoja na wanawake wenzake siku zote mbili, kama inavyompasa wifi wa marehemu.

"Juzi ile uliyotangaza msiba kanisani," alisema taratibu, "mimi nilikuwa nimetoka mjini asubuhi na akina mama wa ushirika. Nilimwona wifi sokoni Majengo. Alikuwa anachagua dagaa. Tulisalimiana."

Arcade alitazama mkeka.

"Aliniuliza habari za watoto," alisema Aurélie. "Hakuniuliza habari zako."

Mumewe hakuinua kichwa.

"Chai ya wafiwa iko tayari," alisema, akarudi jikoni.